Shimo la Watu Wawili

Siku aliyofariki baba yangu naikumbuka kwa saa na robo saa, mwanangu, na watu wanaonijua hawalionei ajabu jambo hilo. Mimi ni mtu wa saa. Nikialikwa harusi ya saa kumi nafika saa nane na nusu, nikakaa na wapishi mpaka wenye harusi waamke usingizini. Nikisafiri kwenda Mombasa nafika stendi kabla ya dereva. Mke wangu hunicheka, husema hata siku ya kufufuliwa nitakuwa nimesimama nje ya kaburi nikiwaulizia wenzangu mbona wamechelewa. Namwacha acheke. Anajua vizuri wasiwasi wangu ulikotoka, na kicheko chake ni cha mtu anayekupapasa mgongoni.

Juzi baada ya chakula cha mchana Zuhura, mjukuu wa marehemu kaka yangu Athmani, alinijia na daftari lake. Yuko gredi ya saba, na nyumbani kwao humtuma kwangu kwa sababu nilifundisha hesabu hapa Malindi mpaka nikastaafu. Swali lake lilikuwa hili: watu wanne huchimba shimo kwa muda wa saa sita, je, watu kumi na wawili watalichimba shimo hilo hilo kwa muda gani? Yeye alikuwa ameandika saa kumi na nane. Hilo ndilo kosa la mwanzo la kila mwanafunzi. Huona watu wamezidi mara tatu, basi na saa nazo huzizidisha mara tatu. Nikamuuliza, mama yako akisaidiwa kuosha vyombo huchelewa kumaliza au huwahi? Akacheka, akafuta. Tukazidisha watu wanne kwa saa sita, tukapata ishirini na nne, ambayo ndiyo kazi yote ya lile shimo, kisha tukaigawa kwa watu kumi na wawili. Saa mbili. Watu wakiongezeka mara tatu, muda hupungua mara tatu. Ndio uwiano kinyume, wala hauna uchawi wowote.

"Sasa ni sawa, Babu?" akaniuliza.

Nilitaka kumjibu, macho yakarudi kwenye swali. Kitabu chake kilikuwa kimetaja hesabu zile zile, watu wanne na saa sita, kumi na wawili na saa mbili. Swali hilo mimi nilishalifanya zamani, kichwani, siku ya kumzika baba. Nikamwambia kwa mwalimu wake ni sawa, apige mstari aende madrasa asije akachelewa. Alipokwenda zake nilibaki na maneno ambayo hakuwa na wakati wa kuyasikiliza. Ndiyo haya ninayokuandikia wewe unayesoma, nami nakuita mwanangu hata kama hatujaonana.

Baba yangu alikuwa mfuaji nazi. Katika uwanja wetu alikuwa amesimika vifuo sita, vile vyuma vyenye ncha ambavyo mtu huibamiza nazi juu yake na kuibambua makumbi. Wakati wa kazi nyingi wafuaji walikuja asubuhi, kila mmoja akasimama kwenye kifuo chake, na mimi nikakaa pembeni na kitabu cha shule nikiwaangalia. Siku moja nikamwambia baba kwamba rundo lile watu watatu walilimaliza jana kwa saa nane, basi leo hawa sita, walioanza saa mbili asubuhi, watamaliza kwa saa nne, yaani saa sita mchana. Akanitazama tu. Saa sita mchana ilipofika nazi ya mwisho ilikuwa inabambuliwa. Tangu siku hiyo baba akawa hawezi kuketi na wenzake bila kunitaja. "Huyu Idi wangu," akawaambia, "saa yake iko kichwani."

Nataka unielewe hapo, kwani ndipo mambo yote yalipoanzia. Sikuwa na sifa nyingine. Sikuwa na mbio, sikuwa na sauti ya kuadhini, na chombo chochote cha baharini kilinitapisha kabla hakijang'oa nanga. Kaka yangu Athmani ndiye aliyekuwa na mikono. Alikuwa seremala Mtwapa, na milango yake watu waliisifu mpaka Takaungu. Mimi nilikuwa na hesabu tu, na sifa ya baba juu yake. Nikawa napenda kuulizwa, na kila nilipoulizwa nilijibu haraka, maana niliona kufikiri sana ni dalili ya kutojua.

Baba aliugua kifua kwa wiki mbili, akafariki baada ya swala ya alfajiri, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwetu maiti hacheleweshwi. Anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo, na mapema ndiyo bora. Ami Bakari, mdogo wake baba, fundi cherehani, ndiye aliyesimamia kila kitu, huku macho yakimwiva na mkanda wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni mwake. Nadhani hakujua kama umo. Alfajiri hiyo hiyo Mzee Kibwana, mchimba kaburi wa mtaa wetu, alikuwa ameshakwenda makaburini kupima mahali karibu na babu yangu. Watu wengine wakawa wanakusanyika mlangoni kwetu na sururu na mitaimbo, tayari kumfuata. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na wawili.

Yapata saa tatu na robo Ami Bakari akaniita faragha.

"Idi, wewe ndiwe mwenye akili ya hesabu. Kaburi litakuwa tayari saa ngapi? Nataka kumwambia muadhini atangaze."

Nilijua kwamba kaburi la babu lilichimbwa na watu wanne kwa muda wa saa sita, kwa kuwa pale ni mwamba mtupu. Mama alizoea kulisimulia. Nne kwa sita, ishirini na nne. Gawa kwa kumi na wawili. Wakianza saa nne watamaliza saa sita. Nikamwambia. Hakuniuliza mara ya pili, maskini, akamtuma mtu msikitini kwamba tunaswali adhuhuri na kuzika papo hapo. Nikaona fahari, mwanangu. Baba yangu amelala chumbani amefunikwa shuka, na mimi najisifu moyoni kwamba angenisikia angefurahi.

Siku zile Kilifi haikuwa na daraja. Magari yalivuka kwa kivuko, na safari ya kutoka Mtwapa mpaka Malindi ilikuwa ya saa nne nzima ukijaliwa usikute msururu. Bwana Saidi, mwenye duka la pembeni mwetu, ndiye pekee aliyekuwa na simu, na tangu asubuhi alikuwa amehangaika mpaka habari ikafika kwenye karakana ya Athmani. Saa tatu na nusu Athmani akapiga. Nilikimbia dukani nikaupokea mkono wa simu, Bwana Saidi akaondoka akasimama nje ili kutustiri.

"Nimeambiwa baba..." kaka akaanza, asimalize.

"Ndiyo," nikasema.

Nilisikia pumzi zake. Kisha akasema, "Basi la saa nne liko hapa kituoni. Nikilipanda sasa hivi, nitawahi?"

Saa nne na saa nne ni saa nane. Sisi saa saba tutakuwa tumemaliza. Sikuchukua hata dakika.

"Hutowahi. Adhuhuri twamswalia, saa saba tushamzika. Wewe utafika saa nane."

"Hakika, Idi?"

"Hakika. Kaburi litakuwa tayari saa sita."

Akasema, "Kama siwahi, basi wacha niende Kikambala nikamchukue mke wangu na mtoto, tuje na basi la saa nane. Nisiwaache nao wako peke yao." Nikamwambia ni sawa. Akasema, "Nitilie na mimi udongo," akakata.

Mzee Kibwana alikuwa makaburini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ningeweza kumwambia kaka apande tu basi lake. Ningeweza kumwambia angoje kidogo nikaulize. Lile neno "hakika" lilinitoka mdomoni kwa wepesi, na mpaka leo nikilisikia hata redioni naizima.

Tulimwosha baba, mimi nikimwagia maji, na kwa muda huo sikuwaza hesabu wala saa. Ilipofika saa tano na nusu Ami Bakari akanituma niwapelekee wachimbaji maji ya kunywa, nirudi na habari kwamba wanakaribia. Nilikwenda na ndoo nikiwa na yakini ya kukuta shimo limefika kifuani mwa mtu.

Lilikuwa chini ya goti. Watu wawili walikuwa ndani wakipiga mwamba, na watu kumi wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Mmoja alikuwa anajipepea kwa kofia. Kwa kuwa nilikuwa mtoto bado, nikashikwa na hasira.

"Baba yangu yuangoja, nanyi mmekaa?" nikawaambia.

Walikuwa watu wazima, majirani zetu, walioacha kazi zao kwa ajili yetu, na mikono ya baadhi yao ilikuwa imechubuka inatoka damu. Nikiyakumbuka maneno yale naona haya kuliko ninavyoweza kukueleza. Mzee Kibwana alikuwa amesimama juu ya shimo, mtaimbo begani. Aliniangalia, nikakumbuka adabu zangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weka ndoo. Ingia shimoni."

Nikaingia. Tulikuwa watatu sasa. Nilipoinua sururu yule wa kushoto akajibana ukutani, na yule wa kulia alipoinua mtaimbo wake ukapita karibu na sikio langu nikasikia upepo wake. Hakuna aliyeweza kupiga.

"Sasa muite wa nne," akasema Mzee Kibwana.

Nikatoka bila ya kumwita. Alinivuta kando akaniuliza nilikuwa nimepiga hesabu gani. Nikamwambia yote, watu wanne, saa sita, kumi na wawili, saa mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza habari za safari.

"Mimi na hesabu yako hatuna ugomvi," akasema. "Uwanjani kwa babako kuna vifuo vingapi?"

"Sita."

"Wangekuja wafuaji kumi na wawili, ingekuwaje?"

Nikaona anakonipeleka. "Sita wangefua. Sita wangekaa."

"Haya. Kaburi ni vifuo viwili, basi. Hata la babu yako tulichimba watu wanne, lakini shimoni walikuwa wawili, na wawili wamepumzika. Leo tuko wengi, twabadilishana upesi, kila anayeingia mkono wake una nguvu, kwa hivyo tutapunguza saa moja. Saa tisa tutakuwa tumemaliza, jiwe likiturehemu." Akautua mtaimbo chini. "Ungekuja kuniuliza, Idi. Nilikuwa hapa hapa."

Hakupaza sauti. Nami nikaifanya ile hesabu upya, sasa kwa haki yake. Kazi ni ile ile. Mikono inayopiga jiwe kwa wakati mmoja ni ya watu wawili, sio kumi na wawili, ila ni mikono iliyopumzika. Kutoka saa nne mpaka saa tisa. Maana yake ni kuzika baada ya alasiri. Maana yake Athmani, kwa basi la saa nne, angefika saa nane akamkuta baba bado yuko nyumbani, akamwangalia uso, akamchukua begani mwake kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa.

Sikumbuki nilipita njia gani kurudi. Nakumbuka kiatu kimoja kilinitoka nikakiacha. Nilimkuta Bwana Saidi anafunga duka ili aende msikitini. Akaniona akafungua tena bila ya kuuliza. Simu za wakati ule ziliunganishwa na mtu huko kwenye posta, na mara ya kwanza tukaambiwa njia ina watu. Mara ya pili ikakatika. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza na kuhesabu kwa sauti, Bwana Saidi akanambia, "Pole pole, mwanangu, utazimia." Mara ya tatu akapokea mwenye karakana.

"Athmani yupo?" nikauliza.

"Ametoka zamani. Amekwenda Kikambala kwa mkewe."

"Na basi la saa nne?"

"Lilikwenda. Alikuwa ameshaweka mguu mlangoni," yule mtu akasema, "kisha akaja kukupigia wewe kwanza. Aliporudi kwenye basi alimwambia tingo waende tu."

Kikambala hakukuwa na simu ya kumfikia. Nilibaki nimeushika ule mkono wa simu mpaka Bwana Saidi akanitoa vidole kimoja kimoja.

Nilikwenda kwa Ami Bakari nikamweleza kila kitu. Kwanza kaburi, kisha Athmani. Habari ya kaburi aliipokea kwa kufumba macho. Ile ya Athmani ilimfanya aketi chini kwenye ngazi, akauona mkanda shingoni mwake, akauvua akaukunja. Nikamwomba tungoje. Nikasema Athmani atakuja na basi la saa nane, atafika magharibi, tumweke baba mpaka wakati huo, kwani ni muda gani huo, ni saa chache.

"Babako umuweke kwenye joto hili," akasema Ami, "wangoja mtu uliyemwambia asije?"

Watu walikuwa wameshafika kwa ajili ya adhuhuri, wengine kutoka Mambrui, wamejaa barazani na chini ya turubai, na ilibidi Ami apite akiwaeleza mmoja mmoja kwamba kaburi bado. Wengine walirudi makazini mwao. Waliobaki walikaa wakijipangusa jasho, na kila baada ya muda mtu alitoka ndani kwa wanawake kuja kuniuliza kwa niaba ya mama: mbona hamumtoi? Halafu akaja kuniuliza swali jingine. Mama auliza, Athmani yuwaja saa ngapi? Nikasema yuko njiani. Hakuwa njiani. Alikuwa Kikambala anamfungia mkewe mzigo, na hana haraka kwa sababu mimi nilimtoa haraka.

Mzee Kibwana alimaliza saa tisa na dakika ishirini. Tulimswalia baba baada ya alasiri, tukamzika, tukapanga viunza, zile mbao, juu ya mwanandani, kile kishimo anacholazwa maiti, na kila mtu akatia udongo mara tatu kwa mkono wake. Nilitia mara tatu zangu. Kisha nikatia tatu za Athmani, nikiogopa watu wataniona nimezidisha, na udongo ulikuwa na vipande vya mawe vinavyokata.

Athmani alifika wakati wa magharibi, mtoto amemlaza begani, mkewe nyuma yake. Alikwenda kwa mama kwanza. Alipotoka aliketi na wanaume, na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaanza kumhadithia jinsi jiwe lilivyokuwa gumu na jinsi tulivyozika alasiri imeshaingia. Nilimwona kaka yangu akitulia. Yeye hakuwa mtu wa hesabu lakini hesabu ile haikuhitaji shule. Saa nne na saa nne ni saa nane. Alinitazama mara moja tu, kisha akashusha macho akawa anamkung'uta mtoto vumbi kwenye nguo. "Mungu amrehemu," akasema.

Hakunigombeza siku hiyo, wala wiki ile, wala mwaka ule. Laiti angenigombeza. Kila tulipoonana alinipenda kama zamani, alinitengenezea kitanda nilipooa, na mimi kila nilipomwona nilikuwa namngoja aseme. Nikawa mwalimu. Kila mwaka nilifika kwenye ile mada, nikaandika ubaoni watu na siku, na mgongo wangu ukiwa kwa wanafunzi nikapumua kidogo kabla ya kugeuka. Nilipandishwa cheo, nikazaa, nikajenga, na bado nilikuwa nangoja.

Alisema baada ya miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tunabadilisha mlango wa nyumba ya mama, mimi nimeushika, yeye anaupima bawaba. Nilijikuta namwambia mwenyewe, bila ya kupanga, kwamba siku ile nilikosea hesabu. Akaendelea kupima.

"Hukukosea hesabu," akasema. "Ungenambia tu kuwa hujui. Ningepanda lile basi hivyo hivyo, niwahi nisiwahi."

Akaniomba misumari, nikampa. Ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kufanya juu ya jambo hilo.

Mwaka juzi Athmani naye alifariki, hapa hapa Malindi, kwa maradhi ya moyo. Kabla sijamwaga chozi nilikwenda makaburini kwa miguu yangu mibovu nikamuuliza mchimbaji, kijana mmoja mpole, mahali ni mwamba au mchanga, na shimoni wanaingia wangapi. Nikiwa huko huko simu yangu ya mkononi ikalia. Alikuwa binti yake, mama yake Zuhura, ambaye wakati ule alikuwa akifanya kazi Mtwapa kama babake zamani.

"Ami," akasema, "nikitoka sasa nitamkuta?"

Siku hizi kuna daraja Kilifi, njia ni ya lami, na nilikuwa na hesabu nzima mdomoni, nzuri, imekamilika. Nikaimeza.

"Sijui, mwanangu. Panda gari sasa hivi. Usikate simu, nenda ukizungumza nami."

Alikuja akilia njia nzima, na mimi nimesimama juani nasikiliza mvumo wa gari lake sikioni, mpaka kijana yule mchimbaji akaniletea kiti. Alimkuta babake bado hajatolewa nyumbani. Alikaa naye kidogo, akamsoma uso. Ndiye aliyenisogezea kikombe cha maji jioni, mkono wake ukabaki begani mwangu.

Sasa nikupe nasaha yangu, mwanangu, kisha nikuache. Ile hesabu ijifunze, uijue vizuri, maana ni ya kweli na itakusaidia shambani, jikoni na kazini. Lakini kabla ya kugawa kwa idadi ya watu, nenda ukaangalie kazi yenyewe ina nafasi ya wangapi kwa wakati mmoja. Uliza vifuo ni vingapi. Muulize anayeshika mtaimbo, hata kama wewe umesoma na yeye hakusoma, na hasa ukiwa umesoma. Na mtu akikuuliza jambo ambalo atalifuata kwa miguu yake, atakalolipandia basi au kuliacha basi likaenda, usimpe hakika usiyokuwa nayo kwa sababu tu unaona haya kusema hujui. Neno "sijui" halijamchelewesha mtu. Mimi "hakika" yangu ilimchelewesha kaka yangu kwa maisha yake yote.

Kesho Zuhura akija nitamwambia alete tena daftari lake, na chini ya lile jibu lake la saa mbili aandike kwa kalamu: ikiwa wote kumi na wawili wanaenea shimoni. Mwalimu wake akitaka kumkosoa, aje kwangu.

Nawe Mungu akupe akili ya kuhesabu na unyenyekevu wa kuuliza. Akukutanishe na wachimbaji wapole siku utakapowahitaji, akutengenezee njia kwa unaowapenda, na siku watakapokuita akufikishe, mlango ukiwa bado uko wazi nao wangali ndani. Amin.